Pikipiki ndogo uwanjani: uliza kwanza tatizo linatokea wapi

Anayepeleka pikipiki ya cc 100, 125 au 150 kwenye siku ya uwanja, yaani siku ya kuendesha kwa kasi kwenye lami iliyofungwa, huja na lalamiko moja kuliko yote: haina nguvu. Fundi akishaambiwa hivyo, hufungua kabureta, hubadilisha plagi, hupendekeza sailensa ya kelele, na jioni mwenye pikipiki hurudi nyumbani na mwendo uleule. Mimi naliamini lalamiko hilo mwisho kabisa. Injini ndogo iliyo nzima hutoa kile ilichojaliwa. Kinachopotea ni mwendo ambao tayari ulikuwa nao, na unapotelea kwenye breki, tairi, cheni, au namna ulivyoingia kona.

Fanya hesabu kidogo. Pikipiki ya 150 inayobeba abiria hapa kwetu ina nguvu za farasi kama 12 kwenye karatasi, na karatasi hiyo haikuandikwa kwa hewa ya Bonde la Ufa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambapo uzito wa hewa ni kama asilimia 83 ya ule wa pwani. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, hupata karibu asilimia 90. Kwa hiyo zile nguvu za farasi 12 zinakuwa 10 Nakuru, na karibu 11 Kisumu. Eldoret, juu ya mita 2,000, zinapungua tena. Hakuna spana ya kurudisha hewa hiyo.

Sasa chukua pikipiki na mpandaji wake, jumla kilo 190. Ukipoteza kilomita 10 kwa saa katikati ya kona, kutoka 50 hadi 40, injini hiyo inahitaji zaidi ya sekunde moja kuzirudisha. Ukizipoteza kutoka 80 hadi 70, ambapo upepo nao unakusukuma kifuani, unahitaji sekunde tatu hadi nne za mafuta yote, yaani mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa mpaka mwisho. Pikipiki ya cc 600 hulipa deni hilo papo hapo. Yako itafika kona inayofuata ikiwa bado inalipa.

Ndiyo maana swali la kwanza haliwi "ina shida gani?" bali "inatokea wapi?" Kwenye sehemu iliyonyooka? Ukishika breki? Ukiilaza? Ukifungua mafuta kutoka kona? Mwanzoni tu, au baada ya dakika kumi? Siku ya uwanja inakupa nafasi ambayo barabara haikupi: lami imefungwa, hakuna matatu wala ng'ombe, mnaingia kwa makundi na kutoka, na unapita mahali palepale tena na tena. Tatizo la kweli litajitokeza palepale kila mzunguko. Beba daftari, na kati ya zamu na zamu badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha presha ya tairi na cheni kwa pamoja, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Na tafadhali, marekebisho yajaribiwe uwanjani humo humo. Barabara ya kuteremkia Salgaa imezika watu wa kutosha, na ile ya Kisumu kwenda Busia ina watoto wa shule kando yake. Hapo si mahali pa kupima kama pikipiki imepata mwendo.

Kitu kinakwaruza lami ukiilaza

Naanza na hii kwa sababu inaangusha watu, na kwa sababu inamhusu karibu kila mtu anayekuja na pikipiki ya kazi. Gadi ya mbele inayokinga miguu, stendi ya kati, keria pana iliyochomelewa nyuma, vyuma vya mwavuli: vyote viliwekwa kwa sababu nzuri, lakini uwanjani ni hatari. Gadi ni chuma kisichokunjika. Ikigusa lami ukiwa umelala kwenye kona, inabeba uzito ambao ulikuwa kwenye tairi, tairi linanyanyuka kidogo, na unaanguka bila onyo. Kikanyagio cha mguu kinachojikunja kikigusa, kinakwaruza, kinapanda, na wewe unapata habari mapema.

Fungua gadi na mwavuli kabla ya kuingia. Keria nayo itolewe kama imefungwa kwa bolti. Stendi ya kati ikiwezekana itoke, na kama haitoki, hakikisha springi yake inaivuta juu kabisa. Iliyolegea hushuka yenyewe kwenye matuta. Ukishatoa hivyo vyote na bado kitu kinakwaruza upande mmoja tu, angalia sailensa na kikanyagio cha breki, kisha angalia shoka mbili za nyuma, zile springi za kumeza mtikisiko. Nimeona pikipiki nyingi ambazo shoka ya kulia iko alama ya tatu na ya kushoto iko ya tano. Pikipiki hiyo haitulii vizuri kwenye kona. Zipange alama moja, na kwa kuwa huna abiria wala gunia la viazi, zipunguze kutoka ile alama ngumu ya mizigo. Shoka iliyokazwa kupita uzito wako inarusha tairi la nyuma kwenye kila mkwaruzo wa lami.

Injini inapiga kelele lakini mwendo haupandi

Hapa chanzo ni klachi, na karibu hakuna kingine. Mlio unapanda, kasi inabaki. Huonekana zaidi kwenye gia za juu, ukiwa umefungua mafuta yote na injini imeshapata moto.

Anza na kisicho na gharama. Levya ya klachi iwe na nafasi kidogo kabla haijaanza kuvuta, milimita chache pale kwenye shina lake. Waya uliokazwa sana unaifungua klachi nusu muda wote, na sahani zinateketea huku ukidhani unaendesha. Kama nafasi ipo, uliza ni oili gani iliyomo. Klachi ya pikipiki nyingi ndogo imelowa ndani ya oili ileile ya injini, na oili za magari zinazotangaza kuokoa mafuta zina kemikali za kupunguza msuguano. Klachi inaishi kwa msuguano. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA, ambayo ni kipimo cha oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo. Ukibadilisha oili na kuteleza kukaendelea, sahani zimeisha.

Ni nzito kila mahali

Haitelezi klachi, haikati moto, ila imechoka. Kwenye dalili hii ndipo watu wengi hukimbilia kabureta, nami nakuomba uiache kwanza.

Inua tairi la nyuma, weka gia huru, lizungushe kwa mkono. Fanya vivyo hivyo kwa la mbele. Lifanye likiwa baridi, halafu ulirudie mara tu utokapo uwanjani, kwa sababu breki nyingi za ngoma huwa huru asubuhi na kubana zikipata moto. Gusa habu kwa uangalifu: ile iliyo moto kuliko ilivyostahili ndiyo inayokula mwendo wako. Chanzo mara nyingi ni fimbo ya breki ya nyuma. Ukikaza cheni unavuta gurudumu nyuma, na fimbo ya breki inakazika pamoja nalo. Asipoilegeza mtu, unaendesha siku nzima ukiwa umeshika breki kidogo.

Kisha cheni yenyewe. Ipime ukiwa umeketi juu, kwa sababu uzito wako unashusha pikipiki na kuikaza cheni. Zungusha gurudumu ukitafuta mahali inapobana zaidi, kwani cheni iliyochakaa haivutiki sawa urefu wake wote, na hapo panapobana ndipo pawe na mchezo wa kama sentimita mbili hadi tatu. Cheni iliyobana kama waya wa gitaa hunyonya nguvu, inaua beringi ya shafti ya kutokea gia, na inaizuia shoka ya nyuma kufanya kazi yake.

Tatu, chujio la hewa. Vumbi la Nakuru ni laini na linaingia kila mahali, na pikipiki iliyofanya kazi ya boda wiki nzima upande wa Lanet au Njoro inakuja na chujio lililogeuka tope. Lisafishe au libadilishe. Kuendesha bila chujio ili "ipumue" ni kulisha silinda mchanga, na hata mchanganyiko wa mafuta na hewa unaharibika.

Baada ya hayo matatu, nenda kabureta, na hapa eneo letu lina jambo lake la pekee. Hewa nyepesi ya juu hufanya mchanganyiko uwe na petroli nyingi kuliko hewa. Mtu akitoka Kisumu na pikipiki iliyorekebishwa kule, akapanda Kericho, akapita Mau Summit na kushuka Nakuru, ataona inakohoa kwenye mizunguko ya juu ya injini, moshi unanuka petroli, na plagi inatoka nyeusi yenye masizi. Jeti kuu, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, ikiwa ndogo kwa hatua moja huiponya. Kinyume chake ndicho kinachotisha: pikipiki iliyowekewa jeti ndogo hapa Nakuru au Eldoret ikashushwa Kisumu, inapata hewa nzito na petroli pungufu. Hapo injini inachemka, inagonga, na kwa mafuta yote ya muda mrefu inaweza kutoboa pistoni. Kabla ya kusafiri kuteremka, rudisha jeti. Pikipiki zenye mfumo wa kudunga mafuta hujirekebisha zenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo usizibabaishe.

Kusoma plagi kuna namna yake. Fungua mafuta yote kwenye sehemu ndefu iliyonyooka, zima injini huku umeshika klachi, ingia pembeni ukiwa unateleza, uitoe hapohapo. Ukiiacha injini iungurume tuli dakika mbili kabla ya kuitoa, unasoma mchanganyiko wa kusimama wala si wa mwendo. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi kavu, petroli imezidi. Nyeupe, imepungua, na usirudi uwanjani nayo.

Neno moja kuhusu sproketi, kwa kuwa kila mtu huulizia. Jino moja mbele ni sawa na karibu matatu nyuma. Pikipiki ya meno 14 mbele na 42 nyuma ina uwiano wa 3.00, ukiweka 15 mbele unapata 2.80, ukiweka 39 nyuma unapata 2.79. Swali la kujiuliza ni hili: kabla ya kushika breki mwisho wa sehemu ndefu kuliko zote, gia ya juu inafika mwisho wa mlio wake? Kama haifiki kamwe, gia yako ni ndefu mno kwa uwanja huu na kwa hewa hii, na sproketi kubwa zaidi nyuma itakusaidia kuliko sailensa yoyote. Viwanja vya koni, vile vinavyopangwa kwa koni juu ya lami, ni vifupi. Hapo wengi wanazidi kubeba gia wasiyoitumia.

Inakata moto

Tenga mambo matatu kwa mahali na muda.

Ikikata baada ya dakika kadhaa za mafuta yote, kisha ikawaka vizuri ukisubiri kidogo, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumulia limeziba na petroli ilikuwa haishuki. Lizibue kwa sindano. Hewa isiposikika, tatizo liko kwenye chujio dogo la petroli au valvu ya chini ya tangi. Vua bomba, fungua, uone kama petroli inamwagika kwa nguvu au inadondoka.

Ikikata kwenye kona ndefu ya upande mmoja tu, kiwango cha petroli ni cha chini, au boya ndani ya kabureta limekaa vibaya. Jaza nusu tangi ujaribu tena kabla ya kufungua chochote.

Ikigonga kama kokoto ndani ya kopo wakati wa kuvuta kutoka mizunguko ya chini, shuku petroli. Ile ya chupa kando ya barabara mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili mchezo huo usiwe na faida. Jaza kwenye kituo chenye wateja wengi, ukiwa na mtungi safi.

Kuna moja zaidi: inawaka vizuri ikiwa baridi, ikipata moto inakataa kabisa. Shuku valvu zilizokazwa mno. Chuma kikipanuka hazifungi, mgandamizo unatoroka. Zipimwe injini ikiwa imepoa kabisa, ikibidi iachwe usiku mzima.

Breki zilishika asubuhi, sasa hazishiki

Uliza levya inakuambia nini, maana vyanzo viwili vinavyofanana miguuni havifanani mkononi.

Kwa breki ya ngoma, levya ikizidi kukaribia usukani kila mzunguko, ngoma imepata moto na kupanuka, ikakimbia viatu vyake, vile vipande vya ndani vinavyoisugua. Itarudi ikipoa. Usikaze waya ikiwa moto, kwa sababu ikishapoa itabana na utakuwa umejitengenezea tatizo la sehemu iliyopita. Lakini levya ikiwa ngumu, iko juu, unaivuta kwa vidole vyote na pikipiki haisimami, uso wa viatu umeungua ukawa kioo. Vitoe, uvisugue kwa msasa mpaka uone rangi isiyong'aa, ufute ngoma kwa kitambaa kikavu. Usipulize vumbi lake kwa mdomo. Mshale mdogo kwenye mkono wa breki ukiwa umepita alama, kusugua hakutoshi: nunua vipya.

Kwa breki ya diski, levya inayokuwa laini kama sponji ni maji ya breki yaliyochemka. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 hivi, na DOT 3 kwenye 205. Yakishanyonya unyevu, na hali ya Kisumu ina unyevu wa kutosha, kipimo cha DOT 4 kinaweza kushuka hadi 155. Maji ambayo hayajabadilishwa miaka mitatu ni meusi kwenye kikombe chake. Yatoe yote, jaza mapya kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo.

Halafu kuna mpandaji. Breki ya ngoma inapenda kushikwa kwa nguvu muda mfupi na kuachwa. Anayeogopa kona hushika kidogo kidogo kwa mita hamsini, na ni yeye anayechemsha ngoma kuliko yule anayebana kwa uhakika mita ishirini.

Inayumba

Ikiyumba usukani peke yake, hasa ukifunga mafuta kwa kasi ya wastani, inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole kwa kidole kimoja. Ukisikia unatulia kama umeingia kwenye kishimo pale katikati, beringi za shingo zimechimbika. Mashimo ya barabara na mizigo ndiyo huzichimba. Kukaza nati hakutaondoa kishimo hicho, zibadilishwe.

Ikiyumba mwili mzima polepole kwenye kona ya kasi, kamata gurudumu la nyuma ulisukume kulia na kushoto. Mlio wa "kota" unamaanisha bushi za mkono wa nyuma zimekwisha, au beringi za gurudumu. Ukikagua yote ukakosa, angalia alama za kukazia cheni kama ziko sawa pande mbili, kisha spoki: zigonge kwa spana ndogo moja moja, iliyolegea hutoa sauti nzito.

Usirudi uwanjani na pikipiki inayoyumba kwa ahadi kwamba utaenda polepole. Nimeona watu wakisema hivyo, na baada ya mizunguko miwili damu imepata moto na ahadi imesahaulika.

Tairi linateleza

Tairi la boda limetengenezwa lidumu, kwa hiyo ni gumu, na linahitaji muda kupata moto. Mizunguko miwili ya kwanza ni ya kulipasha, kila zamu, hata kama ulitoka nusu saa iliyopita.

Presha ndiyo kisa kikubwa. Anayebeba abiria wawili na mkungu wa ndizi hujaza hadi tairi linakuwa jiwe. Ukiwa peke yako, pikipiki nyingi za aina hii zinataka karibu psi 25 mbele na 28 nyuma; soma kibandiko au kitabu cha pikipiki yako. Pima likiwa baridi, kwa kipimo kilekile kila mara, kwa kuwa vipimo vya vituo vya mafuta havikubaliani. Kuna wanaosikia kwamba uwanjani presha hushushwa, wakashusha hadi 18. Kwa tairi lenye tyubu usifanye hivyo. Tairi huanza kuteleza juu ya rimu wakati wa kubana breki, linaivuta tyubu, na siku moja vali inang'oka. Dalili yake inaonekana mapema: vali iliyosimama imepinda. Ukiiona, toa hewa yote, irudishe, jaza upya na uongeze presha.

Tairi likiteleza mahali pamoja tu, shuka ukatembee uangalie lami yenyewe. Mchanga, oili, au rangi ya kuegeshea magari. Sogeza koni. Na kama linateleza kila mahali licha ya presha sahihi na moto wa kutosha, tazama umri na mpasuko wa pembeni. Mpira uliokauka haurudi.

Kuanguka kupo, kwa hiyo jaketi la ngozi au la turubai nzito, glavu na viatu vinavyofunika kifundo. Jaketi za ngozi zinapatikana mitumbani soko la Kibuye, Kisumu, kwa bei ya kawaida. Chagua lenye mshono mzima begani na kiwikoni, na linalokubana kidogo.

Inatanuka kona

Unaingia vizuri, halafu pikipiki inakwenda nje, unafunga mafuta kuiokoa, na mwendo wote umekwisha. Kwa maoni yangu hii ndiyo dalili ghali kuliko zote kwa pikipiki ndogo, na inatibika bila shilingi.

Kwanza ondoa chuma kwenye shaka: presha ya mbele, beringi za shingo, breki ya mbele inayobana. Ikiwa salama, chanzo ni wewe, na kuna mahali pa kutazama.

Unagusa upande wa ndani wa kona wapi? Kama ni mapema, kabla ya katikati, uligeuza mapema. Pikipiki iliyogeuzwa mapema haina pa kwenda ila nje. Weka alama ya kugeuzia, koni au ufa kwenye lami, kisha uisogeze mbele mita mbili tatu kila zamu mpaka unapotoka kona usihitaji kufunga mafuta. Mwanzoni utahisi umechelewa. Vumilia.

Macho yako wapi? Anayetazama lami mbele ya tairi lake huiendea. Geuza kichwa, kidevu kielekee mahali unapotaka kutokea, kabla hujalaza pikipiki.

Mkono wako wa kulia unafanya nini katikati? Wengi wanaotoka barabarani huachia breki, kisha wanateleza mafuta yakiwa yamefungwa, wakisubiri kona iishe. Injini ndogo ya silinda moja iliyofungwa mafuta inajishikia breki yenyewe. Maliza breki ukiwa bado umenyooka, geuza, na papo hapo fungua mafuta kiasi cha kushikilia mwendo tu. Kisha ongeza kadiri pikipiki inavyosimama.

Gia je? Nyingi za 150 zinasukuma vizuri kuanzia karibu mizunguko 5,000 ya injini kwa dakika, na zinafikia kilele cha nguvu kati ya 7,500 na 8,500. Ukitoka kona kwenye gia ya tatu huku inanung'unika, ulihitaji ya pili. Ukitoka na ya pili ikapiga ukomo kabla hujanyooka, baki ya tatu uongeze mwendo wa kuingia. Hakuna dashibodi yenye mizunguko? Sikiliza, na soma kasi ambayo kila gia huanza kuishiwa pumzi.

Mwisho, mwili. Ukiegemea ndani kwa kifua na nyonga, pikipiki haihitaji kulala sana kwa mwendo uleule, na kikanyagio kinapata nafasi. Huhitaji kugusa lami kwa goti. Nusu ya kalio nje ya kiti inatosha.

Inaruka ukifungua mafuta

Cheni iliyolegea, au raba za habu ya nyuma zimekwisha. Shika sproketi ya nyuma, itikise mbele na nyuma huku gurudumu limetulia. Mchezo mkubwa ni raba. Ni za bei nafuu, zibadilishwe. Waya wa mafuta wenye ulegevu mwingi nao huleta mruko uleule. Ukaze ubaki mchezo mdogo, halafu geuza usukani mwisho kulia na kushoto huku injini inawaka. Mlio ukipanda, umekaza mno.

Mikono inakufa ganzi, mizunguko inazidi kuwa mibaya

Unaning'inia kwenye usukani. Bana tangi kwa magoti wakati wa breki, uzito ukae kwenye mapaja, mikono ibaki ya kuelekeza tu. Kama baada ya zamu viganja vinauma na mapaja hayana habari, bado hujabadilisha.

Kunywa maji kabla ya kiu. Jua la Nakuru halihisiwi kwa sababu upepo ni baridi, na lile la Kisumu linahisiwa sana. Kisumu pia upepo wa ziwa huamka alasiri na kukusukuma pembeni, hivyo zamu za maana zifanye asubuhi. Ukiona umekosa alama ileile ya breki mara mbili mfululizo, toka, kaa kivulini.

Kabla ya kushika barabara kurudi

Angalia oili. Injini hizi hubeba karibu lita moja tu, na siku ya mizunguko ya juu huinywa. Robo lita iliyopungua ni sehemu kubwa ya yote. Pima ikiwa imesimama wima, baada ya dakika chache za kutulia. Kaza nati za magurudumu mawili, bolti za injini na za sailensa, kwa spana wala si kwa macho. Pima cheni tena, kwa sababu siku nzima ya kuvutwa kwa nguvu inaweza kuilegeza, na kumbuka fimbo ya breki. Rudisha presha ya tairi kama utabeba mtu. Bandua karatasi uliyofunikia taa, rudisha vioo vya pembeni kama ulivitoa, jaribu taa ya breki kwa levya na kwa kanyagio. Kama breki zilififia mchana na hujapata viatu vipya, pandisha pikipiki kwenye pikapu ya mwenzako.